Likizo Ndefu Bila Kuipoteza: Mwongozo Kamili wa Kuziba Pengo Moja la Masomo

Kila likizo ndefu ikifika, wanafunzi wengi hufanya kitu kile kile. Wanachukua rula, wanachora ratiba ya kuanzia alfajiri hadi usiku, wanayapanga humo masomo yote na kila somo linapewa rangi yake, kisha wanaibandika ukutani. Siku ya tatu imeshavunjika. Wiki ya pili mwenye ratiba anaona aibu hata kuitazama, na shule ikifunguliwa lawama zote unabebeshwa uvivu.

Mimi naona uvivu unasingiziwa. Ratiba ile ni ya shule, imehamishiwa mahali pasipo na kengele, mwalimu wala mwenzako wa dawati. Isingesimama hata kama ungekuwa mchapakazi wa kupigiwa mfano. Mwongozo huu unafuata njia nyingine: pengo moja tu, linapimwa kwanza, linafanyiwa kazi saa moja kwa siku, linapimwa tena kila wiki. Unamfaa mwanafunzi wa sekondari au chuo mwenye likizo ya wiki 4 hadi 10.

## Vifaa unavyohitaji

Kusanya hivi vyote kabla ya siku ya kwanza. Kuanza halafu ukaenda kutafuta kalamu nyekundu ndiko kunakoua kipindi.

- Karatasi 4 au zaidi za mitihani iliyopita ya somo lako, pamoja na majibu yake. Hizi ndizo za lazima kuliko vyote. Ziombe kwa mwalimu kabla shule haijafungwa, au kwa wanafunzi waliokutangulia.
- Daftari moja jipya la makosa. Usilichanganye na notisi.
- Kadi ndogo za karatasi, 60 hivi. Karatasi ya kawaida iliyokatwa vipande vinane inatosha.
- Boksi lolote lenye sehemu tatu, au bahasha tatu.
- Saa ya kupimia muda ambayo si simu yako.
- Kalenda ya karatasi ya miezi ya likizo.
- Mtu mmoja atakayeona alama zako kila wiki. Si lazima ajue somo, ila asiwe mtu wa kukuonea haya.

Kitabu kipya cha ziada hakimo kwenye orodha. Wengi wanaonunua kitabu kipya mwanzo wa likizo wanajipa hisia ya kuanza bila kuanza.

## Hatua ya 1: Pumzika, lakini uwe na tarehe ya mwisho

Chukua siku 3 hadi 5 bila kugusa somo lolote. Ziandike kwenye kalenda, na siku inayofuata iandike wazi: "Kipimo cha kwanza."

Mwanafunzi anayetoka kwenye mitihani amelimbikiza deni la usingizi. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa usiku kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na wengi hawafikii kiwango hicho wakati wa muhula. Kichwa kilichochoka kitakupa kipimo cha uongo kwenye hatua inayofuata.

Onyo: mapumziko yasiyo na tarehe huwa hayaishi. "Nikijisikia vizuri nitaanza" ni sentensi iliyokula likizo nyingi nzima nzima.

Umefaulu ukiamka bila kuamshwa asubuhi mbili mfululizo.

## Hatua ya 2: Jipime bila kujiandaa

Chukua karatasi moja ya mtihani uliopita. Kaa mezani, funga vitabu, weka muda kamili wa mtihani, ufanye mpaka mwisho. Usipitie notisi kwanza. Ninajua inauma kukaa kwenye mtihani hujajiandaa, lakini tunachotafuta hapa ni kile kilichobaki kichwani baada ya muhula, si kile ulichokikariri jana usiku.

Sahihisha kwa kalamu nyekundu siku hiyo hiyo. Kisha kila kosa lipe herufi moja:

- A – sijui kabisa, hata ningepewa siku nzima.
- B – nilijua nikakosea njiani.
- C – sikufika kwa sababu ya muda.

Hesabu herufi. Hapo ndipo watu hushangaa. Anayelia kwamba "hisabati imenishinda" mara nyingi anakuta B zimejaa na A chache, na tiba ya B si kusoma sura upya. Aliyejaza C hana shida ya uelewa, anahitaji mazoezi ya kasi. Aliyejaza A katika mada moja amejua pengo lilipo.

Usijisahihishe kwa huruma. Ukisema "nilimaanisha hivyo hivyo" huku karatasi inasema kingine, kosa ni kosa. Mtahini hasomi moyo.

Hatua imekamilika ukiweza kujaza sentensi hii: "Alama nyingi zaidi nilipoteza kwenye mada ya ____, na sababu kubwa ni herufi ____."

## Hatua ya 3: Liandike pengo kama kitendo

"Kuboresha Kiingereza" si lengo. Huwezi kulifanya kesho asubuhi, na huwezi kujua umelimaliza lini. Andika kitu ambacho mtu mwingine akikuangalia anaweza kusema umekifanya au hujakifanya:

- Kutatua maswali 10 ya milinganyo yenye mabano, 9 yakiwa sahihi, ndani ya dakika 20.
- Kuandika insha ya ukurasa mmoja na nusu kwa dakika 40, kila aya ikiwa na hoja moja na mfano wake.
- Kueleza kwa mdomo hatua za usanisinuru, bila kutazama kitabu, na kuchora mchoro wake.

Chagua moja. Najua una mapengo manne, na najua utataka kuyaweka yote. Ukiweka yote, kila siku itaanza na mjadala wa kipi kitangulie, na mjadala huo ndio utakaokula muda. Yakibaki mengine, yaandike nyuma ya daftari yasikusumbue. Ukilimaliza la kwanza mapema utachukua la pili.

Ukisita kati ya mawili, chagua lile ambalo mada nyingine zinalitegemea. Asiyejua kujumlisha sehemu atakwama kwenye aljebra, kwenye kemia na kwenye fizikia pia. Anayeandika 2/3 + 1/4 = 3/7 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini; mpaka azoee kutafuta kigawe kidogo cha shirika, yaani 12, na kupata 8/12 + 3/12 = 11/12, kila kitabu cha juu kitamwona mgeni.

## Hatua ya 4: Hesabu siku ulizonazo kweli

Mfano wa likizo ya wiki 6:

Siku 42. Toa 5 za mapumziko, zinabaki 37. Toa siku moja ya kupumzika kila wiki, tuseme 5, zinabaki 32. Toa siku za safari, wageni, sherehe na kazi za nyumbani ambazo tayari unazijua, tuseme 6, zinabaki 26. Sasa punguza robo nzima kwa ajili ya yale usiyoyajua: kuugua, kukatika umeme, dharura. Unabaki na vipindi 20 hivi.

Vipindi 20 vya saa moja ni saa 20. Hiyo ndiyo likizo yako yote. Ni kidogo kuliko ulivyodhani, na kwa pengo moja inatosha.

Robo hiyo ya akiba usiidharau. Katika utafiti mmoja wa mwaka 1994, wanafunzi wa chuo walikadiria wangemaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 34. Walitumia zaidi ya siku 55. Hawakuwa wajinga. Mtu akipanga, hupanga kana kwamba hakuna kitakachoharibika.

Weka alama ya duara kwenye kalenda kwa kila siku ya kipindi. Siku zisizo na duara ni zako, bila kujilaumu. Hili nalisisitiza, kwa sababu wengine hugeuza likizo nzima kuwa adhabu halafu wanarudi shuleni wakiwa hoi.

## Hatua ya 5: Funga kipindi kwenye jambo linalotokea kila siku

Usiandike "saa 3 asubuhi." Nyumbani saa 3 huja na kuondoka bila mtu kuiona. Funga kipindi kwenye tukio: "Nikimaliza kunywa chai ya asubuhi, nitakaa kwenye meza ya dirishani na kufungua daftari la makosa." Tukio, mahali, kitendo cha kwanza. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, aliyeandika sana juu ya mipango ya namna hii katika miaka ya 1990, alionyesha kwamba mtu aliyeamua mapema lini na wapi ataanza hutekeleza kuliko aliyenuia tu.

Simu ikae chumba kingine. Kuigeuza kifudifudi hakusaidii, wala kuizima sauti, utaiangalia tu. Kama majibu ya mitihani yako yako ndani ya simu, yanakili au yachapishe kabla.

Wenye familia kubwa au chumba cha kugawana: waambie watu wa nyumbani mapema, kwa adabu, kwamba ni saa moja tu na baada yake uko tayari kwa kazi yoyote. Saa moja yenye mwisho unaojulikana watu huiheshimu. "Ninasoma" isiyo na mwisho haiheshimiwi na yeyote, na kwa haki.

Onyo: usisubiri tabia ya kukaa mezani ije yenyewe. Utafiti wa University College London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliojijengea tabia mpya ndogo. Kwa kawaida iliwachukua siku 66 tabia ikae, na tofauti kati yao ilikuwa kubwa, kuanzia 18 hadi 254. Maana yake ni kwamba huenda likizo ikaisha bado unajisukuma. Ni kawaida, haimaanishi umeshindwa.

## Hatua ya 6: Ndani ya kipindi chenyewe

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu hata wakiwa na nidhamu. Wanafungua notisi, wanasoma, wanapiga mstari wa rangi, wanasoma tena, wanajisikia wameelewa. Wiki ikipita hakuna kitu.

Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi makala fupi za kusoma. Wengine walizisoma tena, wengine walifunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Walipopimwa baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojikumbusha ndio waliokuwa mbele. Kusoma tena kunakupa uzoefu wa maneno, na uzoefu huo unafanana mno na kujua.

Kwa hiyo gawa saa yako hivi:

Dakika 10: kumbuka. Daftari limefungwa. Kwenye karatasi tupu andika kila unachokumbuka kuhusu kipindi kilichopita: kanuni, hatua, mfano. Kisha fungua ulinganishe. Kilichokosekana kiandike kwa kalamu nyekundu. Dakika hizi zitakukera. Utahisi kichwa ni kitupu. Kukereka huko ndiko kazi yenyewe.

Dakika 30: fanya maswali. Siyo kusoma mifano iliyotatuliwa, kufanya. Ukikwama kwa dakika 5 kwenye swali moja, tazama mstari mmoja tu wa jibu, funika, uendelee mwenyewe. Kuanzia wiki ya pili, changanya aina za maswali ndani ya kipindi kimoja. Ukifanya maswali 15 ya aina moja mfululizo, la nne na kuendelea unanakili mkono wako mwenyewe. Kwenye mtihani hakuna anayekuambia swali hili ni la aina gani, na kutambua aina ni nusu ya kazi. Utapata alama ndogo zaidi kwenye mazoezi ya kuchanganya. Usirudi nyuma kwa sababu hiyo.

Mapumziko ya dakika 5. Simama, usiguse simu.

Dakika 15: daftari la makosa. Kila kosa linapata mistari minne. Huu hapa ukurasa mmoja unavyoonekana:

> Swali: Rahisisha 3 − (x − 5)
> Nilichoandika: 3 − x − 5 = −2 − x
> Kilichotakiwa: 3 − x + 5 = 8 − x
> Kwa nini: Alama ya kutoa iliyo nje ya mabano inageuza alama za vyote vilivyomo ndani. Mimi niligeuza cha kwanza tu. Kinga: nijaribu x = 1. Swali linatoa 3 − (−4) = 7. Jibu 8 − 1 = 7, sawa. Jibu langu −2 − 1 = −3, si sawa.

Tazama mstari wa nne. Umeeleza kilichotokea mkononi, na umeweka kinga itakayolikamata kosa hilo wakati mwingine kabla mtahini hajalikamata. Neno "uzembe" limepigwa marufuku kwenye mstari huo. Uzembe hauna tiba; kugeuza alama moja badala ya mbili kuna tiba.

Kwa insha ni vile vile. "Aya ya pili mbaya" haisaidii. "Aya ya pili nimeanza na mfano, msomaji hajui ninathibitisha nini; hoja itangulie" inasaidia.

Kipindi kimefaulu kama kimeacha angalau ukurasa mmoja wa makosa yaliyoelezwa. Kama umefanya maswali yote sawasawa bila kosa hata moja, maswali ni mepesi mno kwako, panda ngazi.

## Hatua ya 7: Kadi na boksi

Makosa yanayojirudia, kanuni na istilahi, ziandike kwenye kadi: swali mbele, jibu nyuma. Kadi moja, jambo moja. Boksi lina sehemu tatu:

1. Za kila siku
2. Za kila siku ya tatu
3. Za mara moja kwa wiki

Kila kadi mpya inaanzia sehemu ya kwanza. Ukiipata, inapanda. Ukiikosa, hata kama ilikuwa ya tatu, inarudi ya kwanza. Utaratibu huu unajulikana kwa jina la Sebastian Leitner, aliyeueneza mwaka 1972, na unafanya kazi kwa sababu kinachorudiwa kwa kuachanisha siku hukaa kuliko kinachorudiwa mara kumi usiku mmoja.

Dakika 10 kwa siku zinatosha, wakati wowote, nje ya ile saa moja. Sema jibu kwa sauti kabla ya kugeuza kadi. Anayegeuza kwanza halafu akasema "aa, nilijua" anajipiga chenga mwenyewe.

Usitengeneze kadi za sura nzima. Nimeona wanafunzi wanaomaliza wiki mbili wakiremba kadi kwa kalamu za rangi, nzuri kama za kuuza, na hawajajiuliza hata moja.

## Hatua ya 8: Kipimo cha wiki

Siku moja ya wiki, badala ya kipindi cha kawaida, fanya maswali 10 ya lengo lako kwa muda uliojiwekea. Andika alama kwenye kalenda, kubwa, na umwonyeshe yule mtu wako. Asiseme mengi. Kazi yake ni kuuliza, "Wiki hii ngapi?"

Alama zikisimama palepale wiki mbili, usiongeze saa. Rudi kwenye daftari la makosa uhesabu: ni kosa lipi limejitokeza mara nyingi zaidi? Vipindi viwili vinavyofuata vifanye juu ya hilo peke yake. Likikushinda hata hivyo, ni A: unahitaji mtu akueleze, iwe mwalimu, mwanafunzi wa darasa la juu au rafiki aliyelielewa. Nenda na ukurasa wa kosa mkononi. "Sielewi aljebra" humchosha msaidizi. "Nimekwama mstari huu" anakujibu kwa dakika tatu.

## Ukivunja mnyororo

Utakosa siku. Kanuni ni mbili tu. Siku iliyokosekana hailipwi: kesho ni saa moja, si mbili, kwa sababu saa mbili za adhabu ndizo zinazomfanya mtu aache kabisa. Na siku mbili zikipita mfululizo, siku ya tatu fanya swali moja tu, kisha funga daftari. Swali moja linarudisha meza na mkono kwenye kazi.

Wiki nzima ikipotea kwa ugonjwa au msiba, futa duara za wiki hiyo na upunguze lengo. Maswali 10 kwa dakika 30 badala ya 20 bado ni hatua.

Mzazi au mlezi unayesoma hapa: usiongeze somo la pili mwanao akionekana anaendelea vizuri. Utaliharibu la kwanza.

## Hatua ya 9: Wiki ya mwisho

Siku 7 kabla shule haijafunguliwa, anza kurudisha saa ya kulala kwa dakika 20 hadi 30 kila usiku hadi ufikie saa ya muhula. Kujaribu kuirudisha yote usiku wa mwisho hakufanyi kazi. Utalala macho ukitazama dari.

Siku 4 kabla, fanya karatasi nzima ya mtihani ambayo hujaigusa, kwa masharti yale yale ya Hatua ya 2. Weka herufi A, B, C kwa kila kosa. Ilinganishe na karatasi ya kwanza mada kwa mada, usiangalie jumla peke yake. Jumla inaweza kupanda kidogo tu wakati mada uliyoichagua imetoka alama 2 hadi 8.

Siku mbili kabla, pitia daftari la makosa mstari wa nne peke yake, ukurasa kwa ukurasa. Kadi zilizobaki sehemu ya kwanza na ya pili ziwekee bahasha na kuzitia kwenye begi la shule. Wiki ya kwanza ya muhula zipitie njiani au kabla ya kipindi cha kwanza. Za sehemu ya tatu ziache kwenye boksi, uzipitie mara moja mwisho wa mwezi.